Mikate mitatu ya Pasaka

Ilikuwa Ijumaa Kuu, Aprili 2015, nasoma Kampala, na nauli ya kwenda kwetu Kyaka, Tanzania, kwa siku nne tu sikuwa nayo. Rafiki yangu tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja hosteli akaniambia, twende kwetu Mbale ukale Pasaka. Nikasema poa. Sasa si unajua, kwa Kiswahili Pasaka ni Pasaka tu, ya Kristo na ya Musa jina moja, na mimi Mlutheri wa Kagera nikajua tunaongelea kitu kimoja. Kwamba kwao ni Wayahudi nilikuwa najua, Jumamosi alikuwa hagusi hata daftari, ila kichwani sikuunganisha kabisa.

Yeye alitangulia Jumatano. Mimi nikafuata Ijumaa asubuhi, na mtu aliyelelewa haendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo pale stendi nikanunua mikate mitatu ya slesi, ile mikubwa, nikaipakata safari nzima kupita Jinja mpaka Mbale, isipondwe na yule mama wa kuku aliyekaa pembeni yangu. Nikashuka, nikapanda boda mpaka mlima wa Nabugoye, saa nane hivi nikawa mlangoni.

Mama yake alikuwa uani. Nikapiga goti, nikasalimia, nikatoa mfuko kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Akaupokea, akachungulia ndani, akaubeba vile mtu anavyobeba nepi ya mtoto, mkono umenyooka mbali na gauni. Rafiki yangu akatoka jikoni, kuona vile akakaa chini kabisa, anacheka mpaka machozi.

"Mwanangu," mama akasema, "asante sana, lakini huu hauvuki mlango."

Wiki nzima walikuwa wanasafisha nyumba kuondoa kila chembe ya kitu chenye chachu. Vikabati vimefutwa, sufuria zimesuguliwa na majivu na kuchemshwa, mabaki yamechomwa asubuhi ile ile. Halafu mimi huyo naingia na slesi sitini za chachu tupu. Nilitamani yule boda awe bado hajaondoka. Akaitwa kijana, akapewa mfuko akimbize kwa jirani, familia ya Kikristo, nao kwao ni Pasaka vilevile kwa hiyo mkate ulikuwa na kazi. Baada ya kama nusu saa mfuko ukarudi na mayai sita ndani. Mama akayahesabu, akasema haya sasa yanaingia, akayatia kwenye sufuria ya mayai ya usiku.

Nikaona nifute aibu kwa kufanya kazi. Walikuwa wanamalizia kuoka matza, ile mikate isiyotiwa chachu, na kwa macho yangu hiyo ni chapati bila mafuta, na chapati jamani ni fani yangu. Nikakaa kwenye kibao. Kanuni ni dakika 18, toka maji yaguse unga mpaka itoke kwenye moto, ikizidi hapo inahesabika imeshaanza kuumuka na hailiwi. Rafiki yangu alishika simu anahesabu kwa sauti. Nikakanda, nikakanda, halafu kwa mazoea nikafunika donge na bakuli nikasogea pembeni.

"Unafanya nini?"

"Unga ulale kidogo, ulainike."

"Hapa unga haulali! Ukilala umekufa!"

Wanawake wote wakapiga kelele, mmoja akanipokonya donge, akalisukuma, akalitoboa na uma haraka haraka kama cherehani, likatupwa kwenye kikaango. Dakika ya 11. Lilitoka gumu, limebabuka upande mmoja, ndilo nililopewa baadaye mezani, na mpaka leo wananiita kwa jina hilo, Unga Ulale.

Pale pale jikoni ndio nikasikia Wayahudi hawa walianzaje, maana na mimi kama watu wengi nilikuwa nadhani labda babu zao walitoka Ethiopia au Israeli. Wala. Ni wenyeji wa huku huku. Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi ya mashariki halafu wakamnyima ukubwa aliokuwa anautegemea, alijikalia karibu na Mbale na Biblia yake, akazama kwenye vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Watu wakamwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Akasema basi sisi ni Wayahudi. Mwaka uliofuata akapita mfanyabiashara mmoja Myahudi, Yosef, akakaa nao miezi kadhaa, huyo ndiye aliyewafundisha sikukuu na namna ya kuzihesabu. Mama wa jikoni akaniambia, mtu mmoja tu, tena mpita njia, asingepita sijui leo tungekuwa tunapika nini.

Jua likaanza kushuka. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo Sabato na Pasaka ziliingia pamoja, na moto ukishawashwa ndio huo huo, hakuna kuwasha mwingine. Majiko mawili ya mkaa yakaachwa na chakula juu, mishumaa ikawashwa, sisi kama watu thelathini tukajibana kwenye mikeka na mabenchi, mwezi mpevu dirishani. Mezani kulikuwa na majani machungu ya shambani, machungu kama mwarobaini, na kile kirojo cha kukumbusha udongo wa matofali ya Misri, wenzetu kwingine wanaweka lozi, hawa wanasaga karanga wanachanganya na ndizi, epo, asali na divai. Nilikipenda mno. Nilikirudia mara tatu na hakikuwa chakula cha kurudia.

Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Sasa mdogo wao alikuwa amelala fofofo mgongoni kwa dada yake. Wakamtikisa, akafungua jicho moja, akalifunga. Mzee aliyekuwa anaongoza, baba yake mkubwa rafiki yangu, akasema mwacheni, aliyejua kidogo kuliko wote humu ni mgeni, aulize mgeni. Niulize kwa lugha gani? Kiebrania sina, Kiganda changu cha sokoni. Akasema uliza kwa lugha yako.

Nikauliza. Shikamoo mzee, kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, usiku mwingine tunakula mkate wowote, usiku huu tunakula usio na chachu... Mzee akanyamaza. Nikajua nimeharibu tena, mara ya tatu siku moja.

Akanijibu kwa Kiswahili, kizito lakini kimenyooka. Akasema Kiswahili alikiogopa miaka minane. Enzi za Amin Kiswahili ndicho alichokuwa anafokea askari, ukikisikia uani usiku unajua kuna mtu anapigwa au anachukuliwa. Dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakaenda kanisani na msikitini kuokoa roho zao na hakuna aliyewalaumu, waliobaki mia tatu hivi. Sikukuu walifanya chumba cha ndani, wanaimba kwa kunong'ona, mtoto mmoja anawekwa nje ajifanye anacheza. Yeye ndiye aliyekuwa huyo mtoto, kwa hiyo akasema, mimi Pasaka za utotoni nilizifanya nje, nikiangalia barabara.

Halafu Aprili 11, 1979. Redioni ikasikika sauti ya Oyite Ojok, kamanda wa Waganda waliokuwa wanapigana na Amin upande mmoja na jeshi la Tanzania, kwamba serikali ya Amin imeanguka, Kampala imechukuliwa. Na jioni ile ile, si nyingine, ndiyo ilikuwa inaingia Pasaka. Alisema watu wazima walikaa wanatazamana, maana kitabu kinawaambia wahadithie kutoka Misri kama waliotoka wao wenyewe, na safari hii hakuna aliyehitaji kujifanya. Ila Mbale ilikuwa bado, askari wa Amin waliokuwa wanakimbia ndio hao wanapita barabarani. Kuna sehemu kwenye seda, yaani karamu hii ya usiku wa Pasaka, mlango unafunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya, na miaka yote ile walikuwa hawaufungui. Baba yake akataka kuufungua, bibi akakataa katakata, wakabishana kwa kunong'ona, mwisho wakaufungua upana wa kiganja. Akatuonyesha kiganja.

"Baada ya siku kadhaa wakaja wenzako, askari wa Tanzania," akaniambia. "Nao wanaongea Kiswahili, nikakimbia kujificha. Mmoja akamwambia bibi yangu, shikamoo mama, tunaomba maji. Sisi hilo neno tulikuwa hatujawahi kulisikia. Tukauliza shikamoo ni tusi gani jipya."

Watu wakacheka, mimi nikashindwa. Sisi Kyaka Amin alitupitia mwaka 1978, daraja likalipuliwa, mama yangu alikimbia akiwa msichana na godoro kichwani, na baba mdogo akaenda na mgambo mpaka huko, karibu yote kwa miguu. Hajawahi kutuhadithia. Ukimuuliza vita anasema "tulitembea", basi.

Tukaendelea mpaka saa saba usiku, mlango ukafunguliwa mzima mzima, akaingia mbwa wa jirani, akafukuzwa.

Jumatatu nikampigia baba mdogo. Nikamuuliza usiku ule Kampala ilipochukuliwa alikuwa wapi. Akasema Kampala, ana njaa, kuna mtu alimpa ndizi mbivu. Nikamhadithia ya Mbale, mlango, kiganja, shikamoo. Akasema Mbale nilipita, Myahudi sikumuona. Nikamwambia baba, walikuwa wamejificha. Kimya kirefu, mpaka nikaangalia kama salio limeisha.

"Na hiyo mikate," akauliza, "yote mitatu ulimpa jirani?"