Mashine ya kukunja bati niliyojiundia nyumbani Uyole

Mvua za huku Mbeya huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kila milimita moja ya mvua inayonyesha hutoa lita moja ya maji katika kila mita mraba ya paa. Mengi ya maji hayo huishia uani, kwa sababu mifereji mingi ya bati hukunjwa kwa kugongwa nyundo juu ya ubao: mkunjo hutoka na mawimbi, kitako cha mfereji hakinyooki, na maji hutuama mahali pasipotakiwa mpaka bati linaota kutu. Nilitaka mifereji iliyonyooka kwa ajili ya nyumba yangu ya Uyole. Kwa kuwa mashine ya kiwandani ya kukunja bati ni gharama kubwa kwa mwenye karakana ndogo ya nyumbani, niliamua kuunda ya kwangu kwa vyuma vya kawaida vinavyopatikana katika maduka ya Mwanjelwa.

Mashine ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kitanda ambacho bati hulazwa juu yake, yaani chuma cha pembe (chenye umbo la L) cha mm 50 kwa 50, unene mm 5 na urefu mita 1.2, kilichofungwa kwa bolti kwenye meza nzito, ubavu mmoja ukilala juu ya meza na mwingine ukishuka mbele. Ya pili ni bawa la kukunjia, linaloinuliwa ili kulipinda bati, ambalo ni chuma cha aina ileile kilichogeuziwa mgongo kile cha kwanza, ili nyuso zao za juu ziwe sawa na kona zao zikutane katika mstari mmoja. Ya tatu ni kibanio, chuma kingine cha pembe kinacholala juu ya bati na kulikandamiza kwa bolti mbili nene, moja kila upande, zenye springi chini yake ili kibanio kijiinue chenyewe nati zinapolegezwa.

Wanaokuja kuitazama huniuliza kwanza kuhusu mikono ya kushikia, lakini ubora wote wa mashine hii umo katika bawaba zinazounganisha bawa na kitanda kwenye ncha zote mbili. Mstari ambao bawa linazunguka juu yake lazima upite katikati ya pini zote mbili na papo hapo upite kwenye mstari ule ule ambapo kona za kitanda na bawa zinakutana. Pini zikikaa mm 3 chini ya uso wa kitanda, bawa linapopanda hadi nyuzi 90 uso wake unakuwa umesogea mm 3 kuelekea kibanio, kwa hiyo bati linabanwa na kuchunwa zinki yake kabla mkunjo haujakamilika. Zikikaa juu ya uso huo, bawa linaacha pengo, na badala ya kona unapata mviringo uliolegea. Hili ndilo jambo ambalo michoro mingi niliyoiona hailitilii mkazo, nami naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote.

Kwa hiyo nilikata pengo kwa grainda katika kona za vyuma vyote viwili, kwenye kila ncha, ili nusu ya bawaba izame na nusu ibaki juu. Bawaba nilizotumia ni zile za mviringo za geti. Kabla ya kuchomelea, nilivibana vyuma viwili pamoja kwa klampu, mgongo kwa mgongo, nikatia kati yao kipande chembamba cha bati ili baadaye visisuguane, kisha nikanyoosha uzi kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha pini ya pili. Uzi ulipolala juu ya mstari wa maungio kutoka mwanzo hadi mwisho, nilishikiza kila bawaba kwa nukta ndogo za kuchomelea, nikafungua klampu, nikalizungusha bawa polepole huku nikitazama kama linakwama au linatoa mlio, na hapo tu ndipo nilipochomelea kikamilifu, kipande kidogo upande huu na kipande kidogo upande ule, ili joto lisizivute bawaba.

Tatizo la pili ni katikati. Kibanio kimeshikwa kwenye ncha zake tu, na bati linapokunjwa hukisukuma juu, kwa hiyo pembe huwa kali pembeni na butu katikati. Nguvu ikiwa ileile kwa kila mita, chuma chenye urefu maradufu hujipinda mara 16 zaidi, na ndiyo maana sikushawishika kutengeneza mashine ya mita 2.4 kwa vyuma hivi hivi. Dawa ni kimo: ubao wa chuma uliosimamishwa ukiongezewa kimo mara mbili, ugumu wake huongezeka mara nane. Juu ya kibanio nilichomelea chuma bapa cha mm 40 kwa 6 kikiwa kimesimama, na kila baada ya sm 20 nikaweka kipande cha pembetatu cha kuutegemeza ubavu unaolala. Chuma kinachochomelewa juu husinyaa juu kinapopoa, hivyo kibanio kilishuka kidogo katikati. Usikinyooshe. Ukikaza bolti za pembeni, sehemu ya katikati ndiyo inayotangulia kushika bati, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ukingo wa mbele wa kibanio nimeuchonga nyuzi 45, kwa sababu bati hurudi nyuma kidogo baada ya kukunjwa na ni lazima lipelekwe nyuzi chache kupita 90 ili litulie kwenye 90. Ukingo huo hukaa nyuma ya mstari wa bawaba kwa kiasi kisichopungua unene wa bati. Matundu ya bolti nimeyarefusha ili niweze kuusogeza.

Mikono ni mabomba mawili ya sm 60. Kwa chuma laini cha mm 1 chenye upana wa mita 1, nguvu inayohitajika kwenye ncha ya mkono ni kama kilo 10 kwa hesabu. Cha mm 2 kinataka mara nne yake, kwa sababu nguvu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe, na hapo ndipo ninapoweka mpaka. Bati la mfereji, ambalo ni jembamba zaidi, halisumbui kabisa. Ninachoomba kwa msisitizo ni kwamba bawaba zenye zinki zisuguliwe mpaka zibaki chuma kitupu kabla ya kuchomelewa, na kazi ifanyike nje penye hewa, kwa sababu mafusho ya zinki huleta homa na kifua kubana.

Mpangilio wa mikunjo ya mfereji unahitaji kufikiriwa mapema. Wangu una mdomo wa sm 1.5, mbele sm 10, kitako sm 12 na nyuma sm 12, jumla sm 35.5. Mdomo hukunjwa kwanza, bati likiwa limegeuzwa, ili uelekee nje. Kisha ukuta wa nyuma. Mwisho ukuta wa mbele. Katika mkunjo huo wa mwisho ukuta wa nyuma husimama nyuma ya kibanio, na ndiyo sababu kibanio lazima kiwe chembamba kuliko kitako. Mdomo nao huning'inia mbele ya bawa bila kuligusa, kwa kuwa bawa lina upana wa sm 5 tu. Mfereji ukikamilika, kibanio huinuliwa kutoka ndani yake. Wakati wa kuunganisha, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini kwa kufuata maji yanakokwenda, kikazwe kwa ribiti, na mfereji wote uteremke sm 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye tangi.