Hewa ya chumba cha mwanangu: nilivyoisafisha baada ya kuchoshwa na ushauri wa ovyo

Mwanangu ana pumu, na kwa miezi kadhaa alikuwa anaamka usiku anakohoa mpaka anatapika. Kila mtu akawa daktari, huyu weka maua ndani yatanyonya vumbi, yule washa mishumaa ya kunukia hewa iwe safi. Jamani mshumaa unatoa moshi, utasafishaje hewa? Hili linaniuma mpaka leo maana niliiwasha wiki nzima.

Nikanunua kipima hewa kidogo, hivi vinavyosoma PM2.5, yaani chembe zenye upana wa maikromita 2.5 kushuka chini, unywele mmoja tu ni kama mara 30 ya hapo. Vumbi kubwa linanaswa puani na kwenye makohozi, ila hizi zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na zilizo ndogo kabisa zinaingia kwenye damu, ndo maana zinaumiza mpaka moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 wanataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Chumbani kwa mtoto nilikuta 180! Chanzo? Dawa ya mbu ya kuchoma, tuliyokuwa tunawasha kila jioni ili alale vizuri. Siku hiyohiyo nikaitupa, tukarudi kwenye chandarua.

Ikashuka, lakini tukikaanga tu inapanda tena hadi 60. Mtu akaniambia tundika taulo bichi mbele ya feni. Nikakaa masaa mawili nakodolea namba, 62, 60, 63, haiendi popote, hewa inapita pembeni ya taulo na chumba kimejaa unyevu ambao mwenye pumu hautaki.

Kilichofanya kazi ni feni ya mraba na filta ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe, namba ikiwa kubwa inanasa zaidi) nimeibandika nyuma yake kwa selotepu, mshale wa kwenye fremu uelekee feni. Mwanzoni ilisuasua. Nikachukua kipande cha karatasi ya chooni nikakipitisha mbele ya feni taratibu, katikati kinapeperuka nje, kwenye kona nne kinavutwa ndani! Kumbe hewa inarudi kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye filta. Nikakata kadibodi, nikatoboa duara la ukubwa wa mapanga ya feni, nikaziba kona zote za mbele. Ndani ya saa moja 60 ikawa 9, nilipiga kelele nikaamsha watu.

Filta hiyo usiioshe, nyuzi zake zina chaji inayonasa chembe na maji yanaiua. Mashine za kutoa ozoni kaa nazo mbali, ozoni yenyewe inachoma mapafu. Na inhela hatujaacha, daktari ndiye anaamua.

Mtoto sasa analala mpaka asubuhi. Filta ya kwanza nimeitoa juzi, iliingia nyeupe imetoka kijivu, na vyote vile vilikuwa vinaishia kifuani kwake.