Barua ya marehemu

Julai 6, 2020 nilikuwa Roma, nikimtunza mzee mmoja ambaye ujanani alipiga tarumbeta. Asubuhi ile alikuwa akichovya biskuti kwenye kahawa ya maziwa, redio ikatangaza kuwa Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu, amefariki. Alikuwa ameanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Umri wake miaka 91. Biskuti ikalainika, ikakatikia kikombeni. Mzee hakuitoa.

Nikadhani atalia. Kumbe anatafuta ugomvi. Redioni walipiga ule mluzi wa filamu za kauboi za Sergio Leone, naye akagonga meza: "Mluzi kaupiga Alessandroni! Ennio aliandika tu!" Mimi hata sikuwa nimebisha, nilichokijua kabla ya siku ile ni huo mluzi wenyewe. Basi nikasomeshwa. Kwamba Leone na Morricone walisoma pamoja utotoni. Kwamba katika filamu yao ya kwanza, ya mwaka 1964, mtunzi aliandikwa Dan Savio, ionekane kazi ya Wamarekani. Kwamba Morricone naye alianza na tarumbeta (hili alilirudia mara tatu), na nyimbo alizitungia mezani, kwa kalamu, bila kugusa piano. Muziki wa filamu ya The Mission kukosa Oscar kulimuuma mzee kana kwamba kanyang'anywa yeye. Oscar ya heshima ya mwaka 2007 hakuihesabu kabisa. Ya 2016, mtunzi akiwa na miaka 87, aliikubali kwa shingo upande.

Baadaye ikatoka barua ambayo marehemu aliiandika mwenyewe. Mzee macho yalishamchoka, nikamsomea: "Mimi, Ennio Morricone, nimekufa." Hapo sauti ikanikwama, nikaanza upya. Aliwaaga dada zake, wanawe, wajukuu. Mkewe Maria akamweka mwisho kabisa. Na kuhusu kuzikwa faraghani, alisema hataki kusumbua.

Jioni nikampigia mama, Tanga. Mluzi ule anaujua vizuri, sinema alikwenda sana kabla hajaolewa. Nikamtafsiria barua yote, akanyamaza kidogo.

"Hataki kusumbua? Sasa msiba ni wa nini, mwanangu, kama hausumbui watu?"

Mzee akataka kujua mama kasema nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mwambie aje kwenye wangu."