Kusikia Mpaka Miguuni

Mzazi akisema "mtoto huyu hasikii", hakuna jirani anayemshauri ampeleke Muhimbili kupimwa masikio. Kila mtu ameelewa: mtoto ameitwa, ameitika "naam" vizuri kabisa, kisha ameendelea na mpira wake. Na tukimsifu mwingine kuwa ni msikivu, hatusifu masikio. Tunamaanisha kwamba akitumwa dukani, anakwenda.

Hapo Kiswahili kinakaa karibu sana na Kiebrania cha Agano la Kale, ambako neno moja, shama, hubeba kusikia na kutii pamoja. "Sikiza, Ee Israeli" ya Kumbukumbu la Torati 6:4 haikuishia masikioni. Aliyeisikia alitakiwa aondoke nayo mpaka nyumbani, barabarani, kitandani na kwenye miimo ya mlango, kama aya zinazofuata zinavyotaja.

Kwa hiyo lile ombi letu kubwa, "Bwana, sema nami", naona tuliangalie upya. Tunaliomba kwenye mikesha ya Ijumaa na kwenye mifungo ya mwanzo wa mwaka, tukitaka kujua kazi ipi, mchumba yupi, kiwanja kipi. Si dhambi kuuliza. Lakini Kumbukumbu 29:29 inaweka mpaka: "Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele, ili tuyafanye." Mtu anaweza kukesha akiomba afunuliwe ya siri, huku yaliyofunuliwa yanamngoja jikoni kwake: dada wa kazi hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Hilo halihitaji ndoto wala nabii. Walawi 19:13 inasema mshahara wa aliyeajiriwa "usikae kwako usiku hata asubuhi". Mungu ameshasema. Kinachongojwa ni mkono kuingia mfukoni.

Sasa, namna ya kusoma mpaka usikie. Chukua fungu dogo, aya nane mpaka kumi na tano hivi. Kusoma Biblia yote kwa mwaka ni jambo jema sana. Sura zake ni 1189, na ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili unamaliza ndani ya mwaka. Usomaji huo unakupa ramani ya nchi nzima. Fungu dogo ndilo linalokuonesha mlango wa nyumba yako, na kazi hizi mbili zisichanganywe, kwa sababu anayekimbiza sura ili asiachwe na ratiba huruka amri bila kujua.

Soma fungu hilo mara tatu. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kwa sauti, hata ya chini, kwa sababu jicho huteleza juu ya maneno lililoyazoea lakini ulimi hujikwaa. Mara ya tatu shika penseli, upige mstari chini ya kila kitenzi cha amri. Kiswahili kinakurahisishia: amri kwa wengi huishia na -ni, kama "iweni watendaji wa neno" ya Yakobo 1:22, na makatazo huanza na usi- au msi-. Halafu weka duara kwenye vitenzi ambavyo mtendaji wake ni Mungu.

Jaribu kwenye Mithali 3:5-6, aya ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe, katika njia zako zote mkiri yeye, naye atayanyosha mapito yako." Mistari mitatu, duara moja. Vitenzi vitatu ni vyetu, cha nne ni chake. Kosa la kawaida ni kukishika kile cha nne peke yake, "atayanyosha, atayanyosha", na kumdai Mungu kazi yake wakati zetu tatu hazijaguswa.

Neno "mkiri" nalo linateleza. Siku hizi kukiri tumekufanya kuwa kutamka: nakiri ushindi, nakiri nyumba, nakiri gari. Kiebrania cha aya hii kinatumia neno la kumjua, na ndiyo maana Biblia Habari Njema inasema umtambue. Yaani kwenye kila njia unayopita, umhesabu Mungu kuwa yupo na ana neno lake juu ya njia hiyo. Njia ya biashara, ukiwa unajaza debe la mteja Tandale. Njia ya simu, usiku, watu wamelala. Ukiwa na tafsiri mbili ndani ya nyumba, Union ya 1952 na Habari Njema, zifungue pamoja kila unapokutana na neno unalodhani unalijua sana. Hayo ndiyo maneno yanayotudanganya zaidi.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia machozi mengi: angalia anayeambiwa ni mmoja au ni wengi. Kiswahili hakifichi jambo hili. Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi", kisha anaendelea, "lakini nimekuombea wewe". Jaribu ni la wote, maombi yanamtaja mmoja kwa jina, na mmoja huyo anapewa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake. Ukisoma haraka, yote haya yanapita.

Yeremia 29:11 ndiyo aya inayoumizwa zaidi kwa kutoangaliwa hivyo. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Tunaiandika kwenye kadi za mahafali, tunaiweka kwenye picha za WhatsApp kila Jumatatu. Ni neno la kweli na la thamani. Lakini ni ninyi, na hao ninyi ni watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, ambao Yeremia aliwaandikia barua. Aya ya 10 inawaambia itakuwa miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile alijua hataiona Yerusalemu tena. Na kabla ya ahadi kuna amri, aya ya 5 mpaka ya 7: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozeni, utakieni amani mji ule mliohamishiwa, mkauombee kwa BWANA. Utakieni amani Babeli! Mji uliowang'oa kwao! Anayeichukua aya ya 11 ahamie nayo mpaka ya 5. Kama umepanga chumba Gongo la Mboto na ndoto yako iko kwingine, basi neno la leo linahusu mtaro mnaoushirikiana na majirani, na maombi kwa ajili ya mtaa huo huo unaotamani kuuhama.

Ukishapata kitenzi chako, kiandike. Daftari dogo la shule linatosha. Andika aya, kisha tendo moja, na mtu anayehusika, na siku na saa. "Nitakuwa mwenye kusamehe" si tendo, ni tamanio. "Leo saa moja jioni nampigia kaka, namwambia ule mzozo wa mirathi tuumalize, na sitamkumbusha alichosema msibani" ni tendo. Ukishindwa kujaza sehemu ya saa, mara nyingi ni kwamba hujakubali bado, na ni afadhali ulijue hilo mapema ukiwa umekaa mbele za Mungu.

Kipimo kiwe kidogo. Mana ya Kutoka 16 iliokotwa pishi moja kwa kila kichwa, kwa siku moja, na siku ya sita mara mbili. Bibi zetu walijua pishi ni vibaba vinne, chakula cha kuonekana na cha kumalizika. Waliojiwekea akiba mpaka asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Utii nao huharibika hivyo hivyo ukilundikwa: anayeahidi matendo kumi Jumapili jioni huwa hana hata moja Jumatano.

Kuhusu muda, anayetoka Chanika au Mbagala saa kumi na moja alfajiri hana nafasi ya kukaa na daftari, na asihukumiwe kwa hilo. Asome jioni, anakili aya moja kwenye kipande cha karatasi, alfajiri airudie kimoyomoyo akiwa amening'inia kwenye bomba la daladala. Anayesomea kwenye simu aizimie intaneti kwanza. Ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kuzima aya nzima.

Mahali ambapo utii huharibika vibaya kuliko pote ni pale tunapoubadilisha na kitu kingine kizuri. 1 Samweli 15 isomwe polepole. Sauli ameambiwa awaangamize Waamaleki na mali zao zote. Anamwacha hai mfalme Agagi, na kondoo na ng'ombe walio wazuri. Anakutana na Samweli kwa salamu ya furaha na kusema ameitimiza amri ya BWANA. Samweli anamuuliza, "Maana yake nini, basi, hiki kilio cha kondoo masikioni mwangu?" Masikio tena. Jibu la Sauli ni la kidini kabisa: wameachwa ili wachinjwe kwa BWANA. Ndipo linakuja lile neno zito, "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu". Na aya ya 24 inafichua chanzo: Sauli anakiri aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Alikuwa msikivu, ila kwa sauti nyingine.

Kondoo wetu hulia pia. Sadaka kubwa ya shukrani iliyotoka kwenye fedha za fundi ambaye hajamaliziwa. Mfungo wa siku tatu badala ya simu moja ya kuomba msamaha, wakati Mathayo 5:24 inasema uiache sadaka pale pale mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako". Mzani wa Kariakoo uliochezewa kidogo, na fungu la kumi la faida yake likatolewa kwa uaminifu. Mithali 11:1 inauita mzani huo chukizo. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu watu wanaofanya hivyo mara nyingi wanampenda Mungu kweli. Hakuna aliyewaambia kwamba fungu la kumi halisafishi mzani.

Utii unahitaji akili pia. Ile Mithali 3:5 inakataza kutegemea akili zako mwenyewe. Haisemi uziache nyumbani. Chukua fedha iliyoingia kwenye simu yako kimakosa. "Usiibe" ni neno lililo wazi, kwa hiyo usiitumie hata shilingi. Lakini usiirushe mara moja kwa namba yoyote inayokupigia ikilia, maana matapeli hutumia mlango huo huo, na ujumbe wenyewe unaweza kuwa wa kughushi. Angalia salio lako kwanza, kisha mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake ili muamala urudishwe na mtandao, na fedha uiache ilivyo. Vivyo hivyo akija mtu na kusema Mungu amemtuma umpe kiasi fulani: watu wa Beroya, Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakaitwa waungwana kwa kufanya hivyo.

Wengine hukwama kwa kungoja amani moyoni kwanza. Wakati mwingine amani hutangulia. Mara nyingi haitangulii, na Yeremia 32 ni sura ya kumpa mtu aliyekwama hapo. Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda, jeshi la Babeli limeuzunguka mji, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja hapa mjini ataitambua sura hii mstari kwa mstari: fedha inapimwa, shekeli 17, hati inaandikwa na kutiwa muhuri, mashahidi wanatia sahihi, nakala moja imefungwa na nyingine iko wazi, zote zinaagizwa zitiwe kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Hakuna hatua iliyorukwa kwa kisingizio cha imani.

Kisha, aya ya 16, anaanza kuomba, na ombi lake linaishia kwenye swali: unaniambia ninunue shamba, na mji huu umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao wa Babeli? Anauliza waziwazi, na Mungu anamjibu kwa kirefu bila kumkemea. Ila wakati anauliza, fedha imeshapimwa na hati ziko mkononi mwa Baruku, karani wake.