Nesi, si wewe uliyeniambia niache?

Wiki iliyopita nilienda kwa mama mmoja nje kidogo ya Makambako. Nilimfuata mkwe wake, binti anayeishi na VVU, ambaye kliniki waligundua ameanza kumwachisha ziwa mtoto wa miezi saba. (Wote wawili wameniruhusu kuandika, majina nimeyaacha.) Tukapeana kamwene, nikakaribishwa jikoni karibu na moto, maana baridi ya Juni huku haina utani. Nikaanza: meza dawa zako kila siku bila kuruka, mnyonyeshe mpaka afikishe miaka miwili.

Mama mkwe akasukuma kuni, akaniangalia. "Nesi, si wewe uliyeniambia mimi niache?"

Ni mimi. Mwaka 2005 nilikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Naye pia anaishi na VVU, nikamwambia mtoto akifikisha miezi sita amwachishe ziwa mara moja, asirudi nyuma. Akatii. Alijifunga kanga kifuani, mtoto akalia siku tatu, akawa anapewa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi. Hakufikisha mwaka. Kuhara.

Sikumdanganya. Nilichokuwa nacho wakati ule ni kidonge kimoja cha nevirapini, dawa ya kupunguza hatari ya mtoto kuambukizwa, cha kumeza uchungu ukianza, na dawa ya maji ya mtoto. ARV zilikuwa zimeanza kutolewa nchini mwaka mmoja tu nyuma, na mama ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, hazijashuka hakupewa. Bila dawa, ziwa linaambukiza kweli. Lakini kuhara nako kunaua: mwaka 2006 kule Botswana, mvua zilipochafua maji, waliokufa kwa wingi ni watoto wasionyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema mama aliye kwenye dawa anyonyeshe hadi miezi 12. Mwaka 2013 kwetu kila mjamzito mwenye VVU akaanza kupewa dawa za maisha. Mwaka 2016 ikawa miezi 24.

Mimi niliyapata hayo semina baada ya semina. Kwake hakurudi mtu. Vikaoni huwa tunalalamika kwamba jamii haielewi, na maneno hayo siku hizi yananiuma, kwa sababu huyu mama alielewa na akafuata kila kitu. Ningemwambia tangu mwanzo, "Acha, kwa kuwa hatuna dawa za kukupa," angejua kwamba siku dawa zikija, ushauri utabadilika. Nilimpa agizo tupu.

"Kwa hiyo nilimnyima bure?"

Nilishindwa kujibu ndiyo, nikashindwa kujibu hapana. Nikamsimulia yote, kuanzia kile kidonge kimoja, na nikamwomba radhi. Chai ilipoa.

Baadaye akachukua kadi ya kliniki ya mkwe wake, akaniambia niandike nyuma kwa nini anyonyeshe, na mwaka niweke. Nikaandika. Akasoma taratibu, akaniuliza neno moja ambalo mwandiko wangu ulilifinya, halafu akaenda chumbani kumchukua mtoto.