Hafu shafti juu ya gunia

Injini nilikuwa nayo tayari: 200Tdi ya dizeli kutoka Land Rover Discovery, lita 2.5, imelala kibarazani juu ya matairi mawili makuukuu, imefunikwa turubai. Nilidunduliza miaka miwili kuipata. Gari lenyewe, Land Rover Series III fupi ya inchi 88 aliyoniachia baba, lilikaa chini ya mwembe pale nyumbani Moshi, bado na mashine yake ya petroli ya cc 2286 iliyokuwa ikipanda Kibosho kwa gia ya pili huku ikihema.

Mpango niliuandika kwenye daftari. Injini kwanza, kisha klachi, gia boksi hela ikipatikana. Breki niliziweka mwisho. Jumamosi ile nikamwita mzee jirani, fundi wa baba tangu sijaanza shule, aje na cheni bloku ya kuinulia injini.

Alikuja mikono mitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Lete hilo daftari."

Akalisoma amesimama, akanirudishia. "Piga jeki gurudumu la nyuma."

Akaniambia niweke gia, nizungushe tairi kwa mkono. Likaenda karibu upana wa kiganja kabla ya kugonga. Nikalirudisha, likagonga tena. Akafungua bolti sita za habu, akavuta taratibu hafu shafti, fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka katikati ya ekseli hadi gurudumu, akailaza juu ya gunia na kuifuta kwa kitambaa chenye dizeli. Meno yake kumi, ambayo hunyooka kama mistari ya daftari, yalikuwa yamesokoteka kama kamba. Nilipitisha ukucha kwenye mfereji mmoja, ukucha ukawa unahamia pembeni.

"Hii imesokotwa na nguvu ya farasi 70. Injini yako ya kibarazani ina ngapi?"

"111."

Akanyamaza, akaingia uvunguni na kuniita. Akagonga dramu ndogo nyuma ya gia boksi: handbreki. Handbreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli. Hafu shafti moja ya nyuma ikikatika mlimani huku gari likivuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, injini haivuti tena, na handbreki nayo inashika chuma ambacho hakishikilii tairi. Inabaki breki ya mguu peke yake. Nikamkumbuka mama, ambaye kila Jumapili hukaa kiti cha mbele tukienda kanisani juu kule. Tumbo likanibana.

Tukakaa kwenye mzizi wa mwembe, nikafungua ukurasa mpya. Breki zikawa za kwanza: dramu za inchi 11 za ile Land Rover ndefu badala ya zangu za inchi 10. Zikafuata hafu shafti zote mbili za nyuma, halafu gia boksi, maana gia ya pili ilikuwa ikijitoa ukiachia mafuta kwenye mteremko. Klachi na rejeta zikaandikwa mstari mmoja na injini.

Difu, zile gia za katikati ya ekseli, ndiyo tuliyobishania. Nilitaka tufunge ya uwiano wa 3.54, ya mwendo wa kasi zaidi lakini yenye nguvu ndogo ya kupanda, siku hiyohiyo ya hafu shafti, kwa kuwa ekseli itakuwa wazi. Akakataa: kwa difu hiyo mashine ya petroli haitaiweza milima hii, ibaki ya 4.7 iliyopo mpaka Tdi iingie. Nilikubali, ingawa bado naona kufungua ekseli mara mbili ni kazi ya bure.

Kabla hajaondoka tukaenda kibarazani. Akanionyesha kumimina oili kidogo kwenye matundu ya nozeli za dizeli ili ndani isishike kutu, kuizungusha injini kwa spana raundi mbili, kisha kuziba kila tundu kwa kitambaa. Nikaifunika tena turubai, safari hii nikaifunga kwa kamba.