Mambo ya kuweka sawa ukiwa bado na kazi

Chukua mtu anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,040,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Gawa kwa 26, siku yake moja ni 40,000. Akiachishwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyekaa miaka sita anaondoka na 1,680,000. Aliyekaa miaka ishirini anaishia 2,800,000, labda mkataba wa hali bora wa sehemu yake, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, uwe umetamka zaidi. Na hapo ni kama hajafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Anayeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi hana kiinua mgongo cha kudai kwa sheria hiyo.

Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo lina masharti: uwe umechangia angalau miezi 18, usiwe umeacha kwa hiari yako, na unacholipwa ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kwa hiyo maandalizi yafanyike mshahara ukiwa bado unaingia. Ukishanyang'anywa kitambulisho getini, hata barua pepe ulizoandika mwenyewe huzioni tena.

Kinachopotea hapo ni ushahidi wa kazi yako, na ndicho ninachokiona kikipuuzwa kuliko kingine chochote. Fungua faili kwenye simu yako binafsi, siyo kwenye laptopu ya ofisi. Kila mwisho wa mwezi tenga dakika ishirini uandike: shida ilikuwa nini, wewe ulifanya nini, namba ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada, na nani alishuhudia. Mtunza stoo anayeandika kwenye CV "nilisimamia stoo" hajasema kitu, maana hata aliyeiibia aliisimamia. Mwenzake anaandika hivi: "Tofauti kati ya leja na mzigo halisi ilikuwa asilimia 6. Nikaanza kuhesabu bidhaa 40 zinazotoka sana kila Jumatatu, badala ya kusubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Baada ya miezi minne tofauti ikashuka hadi asilimia 1.5, mkaguzi wa ndani akaithibitisha." Sentensi hizo zinafaa kwenye CV, kwenye usaili, na siku ya kumwomba bosi nyongeza. Usipoiandika ile asilimia 6 mwezi huohuo, mwakani utakuwa unakisia, na anayekuhoji atajua unakisia.

Lakini mipaka ijulikane. Barua ya ajira, barua za kupandishwa, tathmini zako, vyeti vya mafunzo na slipu za mshahara ni vyako, weka nakala. Orodha ya wateja, bei za kampuni na taarifa za watu wengine si zako. Kujitumia faili la wateja kwenye barua pepe binafsi kunatosha kukufukuzisha, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Halafu kuna kukaimu. Mkuu wa kitengo kaondoka, unaambiwa "shikilia hapo kwa muda". Muda unakuwa miezi tisa, kisha analetwa mtu kutoka nje, nawe unarudi kwenye kiti chako bila karatasi hata moja inayoonyesha uliongoza watu. Barua iombwe wiki ileile ya kwanza, wakati wao ndio wanaokuhitaji. Itaje cheo unachokaimu, tarehe ya kuanza na ya kuishia, unaruhusiwa kusaini nini, na posho. Posho ikikataliwa, komaa na barua. Ikiwa hata barua haitoki, andika wewe: "Kwa mazungumzo yetu ya leo, kuanzia Jumatatu nitakuwa nasaini oda za manunuzi na kusimamia watumishi watano wa zamu. Naomba unisahihishe kama sikuelewa." Asipojibu, angalau una maandishi yenye tarehe. Kipengele cha kusaini ndicho cha hatari zaidi: oda ikija kuleta utata wakati wa ukaguzi, wa kwanza kuulizwa ni mwenye sahihi, na "niliambiwa kwa mdomo" haimsaidii mtu.

NSSF nako usikae na matumaini tu. Slipu kuonyesha umekatwa asilimia 10 haina maana kwamba makato hayo, pamoja na asilimia 10 ya mwajiri, yamefika kwenye mfuko. Kila robo mwaka pata taarifa ya michango yako, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Ukikuta mwezi haupo, uliza ofisi ya utumishi kwa maandishi ukitaja mwezi wenyewe. Wakipiga danadana, nenda NSSF na slipu. Kufuatilia miezi miwili ni rahisi, lakini miezi thelathini ya kampuni iliyokwisha kufungwa ni kazi nyingine kabisa.

Soma tena mkataba wako, hasa mambo mawili: aina na notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria baada ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku zisizopungua 28. Mkataba unaweza kudai zaidi, mradi muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Mameneja wengi wamefungwa na notisi ya miezi mitatu na hawakumbuki, hadi mwajiri mpya awaambie anza tarehe moja. Mkataba wa muda maalumu una mtego wake: kwa kanuni za 2007, kama mwajiri hajavunja mkataba, njia ya kutoka kabla ya muda ni kukubaliana naye. Angalia kama wako una kifungu cha notisi kabla hujaahidi mtu tarehe.

Vyeti ni habari ya subira tu. Anayelenga CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ajue mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, hufanyika Mei na Novemba, apange likizo mapema. Anayetaka serikalini kupitia Ajira Portal ahakikishe ana cheti halisi cha kidato cha nne, maana matokeo ya muda hayapokelewi, na wadhamini watatu wanaopokea simu. Jina la cheti likitofautiana na la NIDA, anza kulirekebisha leo, siyo tangazo likibakiza siku nne. Aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma barua yake hupitia kwa mwajiri, kwa hiyo huko kutafuta kimyakimya hakuna.

Sekta binafsi kimya kinawezekana. Tumia namba na barua pepe yako binafsi, usiguse printa ya ofisi, na mdhamini awe bosi wa zamani au mtu wa kitengo kingine aliyekwisha hama. Mwambie kabla, umtumie na zile sentensi zako za kazi ili asije akababaika kwenye simu.

Dau la mshahara mpya likitajwa, piga hesabu ya kinachofika mkononi. Kutoka 1,400,000 kwenda 1,700,000 inasikika kama nyongeza ya 300,000. NSSF inachukua 30,000. Zinazobaki 270,000 ziko kwenye ngazi ya juu ya kodi, asilimia 30, zinaondoka 81,000. Kama unalipa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, asilimia 15 ya ile 300,000 ni 45,000 nyingine. Mkononi zimeongezeka 144,000. Sasa toa nauli ya kwenda ofisi mpya, na uulize bima ya afya inabeba wategemezi wangapi. Kuna watu wamehama kwa shangwe wakaishia kulipia matibabu ya mtoto mfukoni.

Barua ya kuacha kazi usiitoe hadi barua ya ajira mpya iwe mkononi, imesainiwa, ina mshahara na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp wa "karibu sana kwenye timu" si ajira. Ukitoka, dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe hata kama umeacha mwenyewe. Hakikisha cheo na tarehe zilizoandikwa humo ni sahihi kabla hujasaini kwamba umekipokea.